Yai la Pasaka: Maana Yake na Namna ya Kulipamba Nyumbani

Funzo kwa wakatekumeni wanaojitayarisha kwa Ubatizo

Katika nchi ya Katanga, mvua zinapokaribia kwisha na mahindi yanapokomaa mashambani, Eklezya Takatifu huadhimisha Pasaka, sikukuu iliyo kubwa kuliko sikukuu zote. Kengele zilizonyamaza tangu wimbo wa Utukufu wa Alhamisi Kuu hulia tena usiku wa Mkesha. Mshumaa mkubwa huwashwa kwa moto mpya. Wakatekumeni waliokwisha kujitayarisha huitwa kwa majina yao, nao hubatizwa mbele ya Wakristo wote. Asubuhi yake, katika nyumba za Wakristo wa nchi nyingi, mayai yaliyopambwa kwa rangi huwekwa mezani.

Desturi hii si ngeni kwa mji wa Lubumbashi. Mji huo ulianzishwa na Wabelgiji mwaka 1910 kwa jina la Elisabethville, ukapata jina lake la sasa mwaka 1966. Huko Ubelgiji watoto huambiwa kwamba kengele za makanisa, zinaponyamaza siku ya Alhamisi Kuu, zimekwenda Roma, na kwamba zikirudi siku ya Pasaka huangusha mayai bustanini. Nao Wagiriki wa dini ya Kiortodoksi, ambao wengi walifika Katanga kwa ajili ya biashara katika karne ya 20, hupaka mayai yao rangi nyekundu siku ya Alhamisi Kuu. Siku ya Pasaka hugonganisha yai kwa yai, huku wakisalimiana kwamba Kristo amefufuka.

Mkatekumeni akiona yai la namna hiyo kwa mara ya kwanza, aweza kukosea kwa njia mbili. Mmoja hulidharau, akisema ni mchezo wa Wazungu usio na maana. Mwingine huliogopa, au hulitumainia kama dawa, kwa sababu amezoea kuliona yai mikononi mwa waganga. Funzo hili lataka kuyaondoa makosa hayo mawili. Kisha litaonyesha jinsi nyumba isiyo na mali nyingi iwezavyo kuyapamba mayai yake kwa maganda ya vitunguu, bila kupoteza chakula na bila kuhatarisha afya ya mtu.

1. Yai lilifikaje kwenye meza ya Pasaka?

Zamani mfungo wa Kwaresima ulikuwa mgumu kuliko ulivyo sasa. Wakristo hawakuacha nyama peke yake; waliacha hata jibini na mayai. Mtaguso wa maaskofu uliokutana Konstantinopoli mwaka 692 uliagiza jambo hilo wazi kwa Wakristo wa Mashariki. Mtakatifu Toma wa Akwino, mwalimu mkubwa wa karne ya 13, alilieleza pia kwa Wakristo wa Magharibi.

Lakini kuku hawajui Kwaresima. Waliendelea kutaga, na siku 40 zilipotimia kila nyumba ilikuwa na mayai tele. Watu waliyachemsha, wakayapaka rangi, wakayapeleka kanisani yabarikiwe, kisha wakala na kugawana kwa furaha. Mwaka 1290 Edward wa Kwanza, mfalme wa Uingereza, alilipia peni 18 kwa mayai 450 yaliyopakwa rangi na dhahabu, apate kuwagawia watu wa nyumba yake. Na kitabu cha ibada kiitwacho Rituale Romanum, kilichotolewa na Papa Paulo wa Tano mwaka 1614, kina sala ya kubariki mayai, hasa wakati wa Pasaka.

Leo sheria ya mfungo imebadilika. Mkatoliki hakatazwi mayai wakati wa Kwaresima. Kufunga kumewekwa siku ya Jumatano ya Majivu na siku ya Ijumaa Kuu, na nyama huachwa siku za Ijumaa. Hata hivyo desturi ya mayai imebaki, kwa kuwa maana yake haikutegemea mfungo peke yake.

Tena mtu asidhani kwamba watu wa Afrika hawakujua kulipamba yai. Katika pango la Diepkloof, Afrika Kusini, wataalamu walichimbua vipande vya maganda ya mayai ya mbuni yaliyochorwa mistari kwa mkono wa binadamu miaka ipatayo 60,000 iliyopita. Nako Ethiopia, ambako imani ya Kikristo ilishika mizizi tangu karne ya 4, mayai ya mbuni huonekana juu ya misalaba ya mapaa ya makanisa. Basi yai lenye mapambo si mali ya kabila moja wala ya rangi moja ya watu.

2. Yai lafundisha nini?

Yai kwa nje lafanana na jiwe. Limefungwa pande zote, halina mlango wala dirisha, wala halina dalili ya uhai. Asiyejua kuku aweza kulitupa kama kokoto. Lakini kuku akilalia siku 21, ganda hupasuka. Tena halipasuliwi na mtu wa nje. Kifaranga mwenyewe hulivunja kutoka ndani, akatoka akilia.

Hivyo Wakristo wa zamani waliliangalia ganda, wakakumbuka kaburi lililofungwa kwa jiwe. Waliliangalia ganda lililopasuka, wakakumbuka kaburi lililokutwa tupu alfajiri ya Dominika. Rangi nyekundu iliwakumbusha Damu ya Mwokozi. Lakini mkatekumeni akumbuke kwamba mfano una mpaka wake. Kifaranga hakufa ndani ya yai, bali alikuwa akikua. Bwana wetu Yesu Kristo alikufa kweli, akazikwa kweli, akafufuka kweli kwa uwezo wake mwenyewe, wala hatakufa tena. Mfano huonyesha njia kama kidole; mwenye akili hatazami kidole, hutazama kule kinakoelekea.

Katika Injili ya Mtakatifu Luka, sura ya 11, Bwana Yesu mwenyewe alilitaja yai. Aliwauliza watu kama yuko baba ambaye, mwanawe akimwomba yai, atampa nge. Mtakatifu Augustino, askofu wa Hippo katika Afrika ya Kaskazini, alilieleza neno hilo akisema kwamba yai ni mfano wa matumaini. Maana ndani ya yai kuna uhai, lakini bado hauonekani. Anayelitunza hutumaini asichokiona. Je, si hiyo hali ya mkatekumeni? Ameahidiwa uzima wa milele, lakini hajauona kwa macho. Basi hungoja na kujitayarisha.

3. Masumbuko ya mama mmoja

Mama mzee wa kundi la wakatekumeni aweza kumfikia katekista baada ya mafundisho, wakazungumza hivi:

MAMA: Mwalimu, mwanangu, nina neno. Tangu utoto wangu nilikatazwa mayai. Wazee walisema mwanamke mwenye mimba akila yai, mtoto wake atazaliwa bila nywele. Sasa mkaza mwanangu ana mimba ya miezi sita. Nikileta yai la Pasaka nyumbani, nimpe au nisimpe?

MWALIMU: Umefanya vema kuuliza, mama. Mwiko huo upo katika vijiji vingi vya Afrika, nao wazee wetu waliupokea kwa wazee wao. Hakuna haja ya kuwacheka. Lakini si kweli. Yai hujenga mwili wa mama na mwili wa mtoto aliye tumboni. Waulize wauguzi wa zahanati, watakuambia neno hilo hilo. Mpe mkaza mwanao yai lake, ila liwe limeiva kabisa, kiini kiwe kigumu.

MAMA: Na watoto wadogo? Kwetu husemwa kwamba mtoto akionja yai atakuwa mwizi.

MWALIMU: Mama, mtoto huwa mwizi kwa kukosa kufundishwa, si kwa kula yai. Mtoto asiyepewa chakula cha kujenga mwili hukua vibaya. Mayai yakiwapo nyumbani, yakaliwa na baba peke yake huku watoto wakitazama, hapo kosa liko wapi?

MAMA: Nimesikia. Lakini jirani yangu asema ganda la yai lililobarikiwa likizikwa shambani, mahindi yatazaa sana, na mchawi hatapita.

MWALIMU: Sikiliza vizuri, mama. Ganda la yai ni chokaa, na chokaa husaidia udongo wenye ukali. Ukilitupa shambani hakuna ubaya. Lakini ganda moja halijazi ghala. Kuhusu mchawi, baraka ya Eklezya ni sala kwa Mungu, si hirizi. Padri anapobariki chakula, humwomba Mungu awape wema wake wale watakaokula kwa shukrani. Nguvu haikai katika ganda. Mtu akiitafuta nguvu katika ganda, amemwacha Mungu na kurudia dawa, hata kama jina lake sasa ni Maria au Petro.

MAMA: Basi, mwanangu, kama hakuna nguvu ndani yake, kwa nini kulipamba?

MWALIMU: Mgeni mheshimiwa akija kwako, mama, hufagii ua? Kufagia hakumfanyi mgeni awe mheshimiwa. Kunaonyesha kwamba umemtambua. Hivyo ndivyo yai la Pasaka lilivyo.

Mkatekumeni azishike sana sababu hizo, kwa kuwa maswali ya mama huyo huulizwa katika nyumba nyingi, na majirani watamwuliza yeye.

4. Mayai ya kuchagua

Kwanza, yasichukuliwe mayai ambayo kuku ameanza kuyalalia. Hayo ni vifaranga vya kesho, na nyumba isiharibu mali yake kwa ajili ya mapambo. Yachukuliwe mayai mapya yaliyotagwa siku chache zilizopita.

Pili, kila yai lijaribiwe katika bakuli la maji baridi. Yai jipya huzama na kulala chini. Yai lililokaa muda mrefu husimama wima, na lililozeeka sana huelea juu, hilo lisitumiwe. Lenye ufa nalo liachwe.

Tatu, rangi ya ganda isimsumbue mtu. Mayai meupe huonyesha rangi vizuri zaidi, lakini mayai ya kuku wa kijiji, hata yakiwa ya kahawia, hupendeza sana yakipambwa kwa maganda ya vitunguu.

Nne, asikope mtu fedha kwa ajili ya mayai. Asiye na yai hajakosa Pasaka. Mwenye yai moja analo la kutosha, kama itakavyoonekana mwishoni mwa funzo hili.

5. Kupamba kwa maganda ya vitunguu

Marumaru ni jiwe gumu lenye mishipa ya rangi inayopita ndani yake kama mito. Watu wa Katanga walijua pia jiwe la malakiti, lile jiwe la kijani litokalo pamoja na shaba, lenye mistari myeupe kidogo na mizito inayozungukana. Mafundi wa Lubumbashi hulichonga na kulisugua mpaka ling'ae, wakafanya shanga na vitu vingine vya mapambo. Yai la mtindo wa marumaru hupambwa lifanane na mawe hayo: rangi zake hazina mpaka ulionyoka, bali huingiliana kama mawimbi.

Vinavyohitajiwa kwa mayai 6 ni hivi: maganda makavu ya vitunguu 10 au 12, mekundu na ya manjano yakichanganywa, vipande 6 vya kitambaa cheupe kikuukuu kilichofuliwa na kusuuzwa vizuri, uzi wa pamba, kijiko kimoja cha siki, au maji ya ndimu mahali pake, chumvi kidogo, na matone machache ya mafuta ya kupikia. Maganda ya vitunguu hayanunuliwi. Mama wa nyumba ayaweke katika kikapu wakati wote wa Kwaresima badala ya kuyatupa, au awaombe wauza vitunguu sokoni, watampa bure.

Kazi yenyewe hufuata hatua hizi:

Hatua ya kwanza. Mayai yaoshwe taratibu, yaachwe na unyevu. Maganda ya vitunguu yaloweshwe kidogo katika maji yapate kulainika, kisha yapasuliwe vipande vikubwa na vidogo.

Hatua ya pili. Kipande cha kitambaa kitandazwe juu ya meza, maganda yapangwe juu yake bila utaratibu, mekundu kando ya manjano. Yai liwekwe katikati. Anayetaka madoa meupe aongeze punje chache za mchele kati ya yai na maganda. Anayetaka alama ya jani aweke kwanza juu ya yai jani dogo la mboga inayoliwa, kama lengalenga au matembele.

Hatua ya tatu. Kitambaa kikunjwe juu ya yai, kifungwe kwa uzi mara nyingi pande zote, kama mtu afungavyo mzigo wa safari. Hapa ndipo kazi hufaulu au huharibika. Maganda yakigusana na yai kwa nguvu, rangi hushika; yakilegea, yai hutoka na rangi moja iliyofifia.

Hatua ya nne. Mayai yalazwe katika sufuria, yafunikwe kwa maji baridi mpaka maji yapite juu yake kwa upana wa vidole viwili. Maganda yaliyobaki yatiwe humo pamoja na siki na chumvi. Sufuria iwekwe juu ya mbabula.

Hatua ya tano. Maji yakianza kuchemka, makala yapunguzwe, yai lisigongegonge na kupasuka. Mayai yachemke polepole kwa dakika 15. Watu wa pwani waweza kutumia dakika chache zaidi kidogo ya 10, lakini Lubumbashi iko juu, kama mita 1,200 kutoka usawa wa bahari, na huko maji huchemka kwenye joto la digrii 96 hivi, si 100. Kwa hiyo chakula hukawia kuiva.

Hatua ya sita. Sufuria iondolewe motoni, mayai yakae ndani ya maji yale yale dakika 20 nyingine. Kisha yatiwe katika maji baridi yaliyo safi, uzi ukatwe, vitambaa vifunguliwe. Yai likikauka lipakwe tone moja la mafuta kwa kitambaa, nalo litang'aa.

Mtu akifungua, ataona rangi ya dhahabu, ya kahawia na ya udongo mwekundu, zimepita juu ya ganda kama mishipa ya jiwe. Sababu yake si siri. Ganda la yai ni chokaa, tena lina maelfu ya vitundu vidogo visivyoonekana kwa macho. Ukali wa siki hulainisha uso wa ganda, na rangi ya kitunguu huingia. Pale ganda la kitunguu liligusa sana, rangi ni nzito. Pale kitambaa au punje ya mchele ilizuia, rangi ni hafifu. Hakuna mkono uwezao kuamuru mstari upite wapi, na kwa hiyo hakuna mayai mawili yanayotoka sawasawa. Katekista aweza kuwakumbusha wakatekumeni kwamba wao nao wataingia katika maji yale yale ya Ubatizo, lakini kila mmoja ataitwa kwa jina lake.

6. Njia nyingine, kwa mafuta

Mahali ambapo rangi ya chakula huuzwa madukani, iko njia ya haraka. Mayai yachemshwe kwanza, yapozwe na kukaushwa. Rangi moja nyepesi, kama manjano, ichanganywe katika nusu ya glasi ya maji ya moto na kijiko kimoja cha siki. Maji yakipoa, yai litiwe humo dakika 5, kisha likaushwe kabisa. Katika bakuli pana rangi ya pili, iliyo nzito zaidi, ichanganywe vivyo hivyo, ikiongezwa kijiko kidogo cha mafuta ya kupikia, ikorogwe mara moja tu. Yai livingirishwe humo upesi na kutolewa. Mafuta na maji hayapatani: pale mafuta yaliposhika ganda, rangi ya pili haiingii, na rangi ya kwanza hubaki ikionekana. Yai lipanguswe bila kusuguliwa.

7. Rangi zilizokatazwa

Yai la Pasaka ni chakula. Ganda lina vitundu, na kilichopakwa nje chaweza kupenya hata ndani. Kwa hiyo kisitumiwe kitu chochote ambacho mtu hali. Isitumiwe rangi ya vitambaa, wala wino, wala rangi ya kupaka nyumba au viatu.

Zaidi ya yote, watoto wa Katanga waonywe juu ya mawe ya mgodi. Malakiti ni jiwe zuri, na mtoto aweza kufikiri kwamba unga wake wa kijani utalifanya yai liwe kijani. Jiwe hilo lina shaba, na unga wake ni sumu kwa anayeula au kuuvuta puani. Yai lifanane na malakiti kwa macho tu. Malakiti yenyewe isikaribie jikoni.

8. Namna ya kula na kugawa

Yai lililochemshwa huharibika upesi kuliko watu wengi wanavyodhani. Lisikae katika joto zaidi ya saa 2. Nyumba isiyo na friji ifanye hivi: maganda, vitambaa na nyuzi zitayarishwe siku ya Jumamosi Takatifu, mayai yafungwe na kuchemshwa asubuhi ya Dominika, na yaliwe siku hiyo hiyo, mapema. Kama padri atabariki vyakula baada ya Misa ya asubuhi, mayai yapikwe alfajiri, na yaliwe mara watu wanaporudi. Lililopasuka wakati wa kuchemka liliwe kwanza. Lenye harufu mbaya litupwe bila huruma.

Wengine huona uchungu kulivunja yai baada ya kulipamba kwa kazi nyingi. Huliweka juu ya kabati wageni walione, mpaka linaoza. Hao wameusahau mwisho wa funzo. Yai lililopambwa likaoza halikumlisha mtu, wala halikutangaza ufufuko. Ganda lisilopasuka bado ni kaburi lililofungwa. Anayetaka kuhifadhi kitu, ahifadhi vipande vya ganda.

Basi familia ikusanyike. Baba au mama aanze kwa ishara ya msalaba, amshukuru Mungu kwa kuwa Kristo amefufuka. Ganda lipasuliwe mbele ya watoto, nao waelezwe maana yake kwa maneno machache. Ikiwa yai ni moja na watu ni watano, lile ganda liondolewe, na yai likatwe vipande vitano kwa uzi safi. Uzi hukata vizuri kuliko kisu. Mwenye mimba apewe, na mtoto apewe, wasitengwe. Ikiwa mayai ni mengi, moja lipelekwe kwa jirani mgonjwa, au kwa mjane asiye na kuku, au kwa mkatekumeni aliyekuja mjini kutafuta kazi wala hana ndugu wa kula naye bukari siku ya sikukuu. Hapo yai limetimiza kazi yake.

9. Maulizo na majibu

Ulizo: Je, Mkristo analazimishwa kuwa na yai siku ya Pasaka?
Jibu: Hapana. Ni desturi njema, si amri. Linalotakiwa ni kushiriki Misa ya Pasaka kwa moyo safi.

Ulizo: Je, yai lililobarikiwa lina nguvu ya kumfukuza mchawi au kuleta bahati?
Jibu: Hapana. Baraka ni sala ya Eklezya kwa Mungu. Kulitumia yai kama hirizi ni kosa.

Ulizo: Kwa nini yai ni mfano wa ufufuko?
Jibu: Kwa kuwa limefungwa kama kaburi, na uhai hutoka ndani yake kwa kulipasua ganda.

Ulizo: Mfano huo unapungukiwa wapi?
Jibu: Kifaranga hakufa, Bwana Yesu alikufa kweli, akafufuka kwa uwezo wake, wala hatakufa tena.

Ulizo: Mtakatifu Augustino alisema yai ni mfano wa fadhila gani?
Jibu: Matumaini.

Ulizo: Mwanamke mwenye mimba na watoto waweza kula yai?
Jibu: Ndiyo, likiwa jipya na limeiva kabisa. Ni chakula cha kuwajenga.

Ulizo: Rangi gani hazitumiwi?
Jibu: Zote ambazo si chakula, na hasa unga wa mawe ya mgodi.

Kazi ya juma hili: kila mkatekumeni aanze kuweka maganda ya vitunguu katika kikapu nyumbani kwake. Naye amtafute mtu mmoja atakayempelekea sehemu ya yai lake siku ya Pasaka, amtaje jina lake katika sala ya jioni tangu leo.